Madamu Gahongayire na Uzito wa Masomo

Tarehe 31 Julai 1993, Madamu Gahongayire anastaafu baada ya kufundisha hisabati miaka ishirini na sita hapa shuleni kwetu, Nyamirambo. Mimi Munyakazi, mwalimu wa Kiswahili, nimeombwa kumwandikia. Nimekubali haraka, maana nina kisa naye.

Alianza kazi mwaka 1967, akitoka Kicukiro kwa miguu, mvua isimcheleweshe hata siku moja. Baadaye akawa mkuu wa masomo, na alama za shule nzima zikapita mikononi mwake.

Wazazi wanamjua kwa maharage. Kila mwaka hakosi mmoja wa kulalamika: mwanawe kapata kumi na nane juu ya ishirini katika mazoezi ya viungo, amefelije? Madamu humkalisha, akamweleza kwamba chumvi na maharage vyote huingia chunguni, lakini havitiwi kwa kipimo kimoja. Hisabati ina uzito wa tano, viungo moja. Zidisha kila alama kwa uzito wa somo lake, jumlisha, kisha gawanya kwa uzito wa masomo yote. Mzazi huondoka ameelewa, tena ana njaa.

Mwaka jana Kiswahili kiliongezwa, uzito wa mbili. Nilitamba wiki nzima! Uzito wote ukapanda kutoka kumi na nane hadi ishirini, na Madamu akagawanya kwa ishirini. Lakini mazoea yana taabu: alama za Kiswahili zenyewe alisahau kuzijumlisha. Yaani somo langu liliitwa kwenye kugawana, likasahauliwa kwenye kuchanga. Nilinuna, na bado nanuna kidogo.

Hakuna aliyegundua mpaka tukajikuta uwanjani, wazazi wamejaa, mkurugenzi wa shule anasoma matokeo. Umulisa, binti wa Twahiru fundi cherehani, akasomewa tisa. Chini ya kumi ni kufeli, na baba yake alikwisha sema akifeli, shule basi, ataketi kwenye cherehani. Mtoto akainamisha kichwa. Nami nilijua amepata kumi na sita kwenye Kiswahili, nikamnong'oneza Madamu: je, Kiswahili kimejumlishwa?

Alihesabu kwa vidole, uso ukabadilika. Angeweza kusubiri akasahihishe ofisini, jina lake la kutokosea libaki zima. Akasimama mbele ya watu wote, akamkatiza mkurugenzi.

"Kosa ni langu, si la watoto. Naomba matokeo yasomwe upya kesho."

Kesho yake tisa ya Umulisa ikawa kumi nukta sita. Twahiru alilia waziwazi, nami machozi hayakuwa mbali.

Madamu, asante. Tulikuwa tukiziheshimu hesabu zako. Tangu siku ile tunakupenda wewe. Pumzika vyema, afya njema na wajukuu tele. Umulisa anamaliza Julai mwakani, na anataka ukae mstari wa mbele. Alama zake nitajumlisha mimi, kwa hiyo usikose kuja kuzikagua.