Fundi Misumari na Matundu ya Grini ya Kumi na Mbili

Ndugu, jamaa, majirani na wote mlioacha shughuli zenu mkaja: huyu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Februari 1948, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga, mkabala na karakana ya reli. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mpiga pasi wa hoteli na mama mshona mashati. Miaka mitano baadaye akazaliwa wa pili, na wazazi wakaona wawili wanatosha. Huyo wa pili ndiye anayesoma wasifu huu. Kwa hiyo mkisikia "mdogo wake", msitafute mbali. Ni huyu mwenye miwani, aliyeishika karatasi kwa mikono miwili.

Alianza shule ya msingi mwaka 1955. Mkuu wa shule hakumruhusu mtoto kuingia darasani pekupeku, na mdogo wake alipofikia umri wa kuanza, nyumba ilikuwa na jozi moja tu ya viatu. Wakubwa walisoma asubuhi na wadogo mchana, basi wakaelewana. Saa sita na nusu walikutana kwenye kalavati katikati ya njia. Kaka anavua, mdogo anavaa, nusu ya kiatu imejaa gazeti. Mdogo aliondoka akitembea kama bata, na kaka akirudi nyumbani peku juu ya changarawe ya moto, akipiga kelele kwa mbali: "Usiburuze! Kisigino ndicho kinachokwisha kwanza!" Alimaliza darasa la nane mwaka 1962 akiwa wa tatu katika mtihani. Nafasi ya kuendelea aliipata, akaikataa. Alisema amesoma vya kumtosha, sasa ni zamu ya dogo.

Tarehe 1 Machi 1966 aliajiriwa kwenye klabu ya gofu kubeba mifuko ya fimbo. Miaka mitano baadaye fundi mzee wa viatu alimkabidhi chumba chake, spana yake yenye pini mbili ya kufungia misumari ya soli, na aproni iliyokuwa nyeusi kwa rangi ya viatu. Chumba kilikuwa hatua nne kwa tatu, rafu hadi kwenye dari, na dirisha moja la kupokelea viatu lililotazama viwanja. Humo ndimo alimokaa miaka thelathini na saba. Viatu vya gofu vya wakati ule vilikuwa viatu kweli: ngozi juu, ngozi chini, ulimi wenye tamvua, na misumari kumi na mmoja ya chuma iliyofungwa kwenye kila soli ili mchezaji asiteleze anapozungusha kiuno. Vilitaka kupigwa rangi, kukaushwa taratibu mbali na jua, kutiwa mafuta na kubadilishwa misumari inapolika. Kwa kazi hiyo watu wakamwita Fundi Misumari, na jina likamganda hata benki.

Alimsoma mtu kwa soli. "Huyu anaegemea kulia," angesema, "goti linamuuma na hajamwambia mkewe." Wengi walitoka pale dirishani wakaenda moja kwa moja kwa daktari.

Mwaka 1974 alimshika mdogo wake mkono, akampeleka kwa msimamizi wa viwanja. Maneno yake yalikuwa machache. "Huyu ni wangu. Akiharibu, niiteni mimi." Mdogo wake alianza kwa kukata nyasi, na kufikia mwaka 1989 alikuwa mkuu wa viwanja. Kutoka dirishani hadi banda la mashine palikuwa na hatua mia moja na ishirini, na kila siku saa nne mmoja wao alizitembea kwenda kunywa chai kwa mwenzake.

Jumamosi, tarehe 16 Aprili 1977, alifunga ndoa na mpokea simu wa posta, mwanamke mcheshi ambaye hakushindwa hoja na mtu. Aliwaambia wageni harusini kwamba anajua anaolewa na mwanamume mwenye wake mia mbili na sitini, wote wana kamba na wanalala rafuni. Walijaliwa binti mmoja, mwaka 1980. Mke wake alifariki tarehe 3 Juni 1998, na binti alikuwa tayari anasomea uuguzi katika mji wa mbali. Tangu hapo marehemu alikula chakula cha Jumapili nyumbani kwa mdogo wake, na shemeji yake, mke wa mdogo huyo, hakumruhusu mtu mwingine kukalia kiti cha marehemu.

Sasa tunafika mahali ambapo wasifu mwingi hupita haraka. Huu hautapita.

Misumari ya chuma iliua nyasi. Huo ni ukweli. Zile nyasi fupi zinazozunguka shimo, ambazo wachezaji huziita grini, ni laini kuliko ngozi ya mtoto, na kila anayepita amevaa chuma huacha tundu, na akiburuza mguu huacha mchirizi. Mwaka 2001, baada ya Jumamosi moja ya mashindano, mdogo wake aliweka fremu ya mbao ya mita moja kwa mita moja akahesabu matundu mia nne na kumi na mawili. Klabu nyingine zilikwisha kuhamia meno ya plastiki, mafupi na butu. Akaandika ripoti ya kurasa mbili, akaomba chuma kipigwe marufuku.

Jumapili tarehe 10 Juni, ripoti ikiwa imekunjwa mfukoni mwa shati la mdogo wake, ndugu hao walikula pamoja kama kawaida. Marehemu aliuliza, "Grini zinaendeleaje?" Mdogo wake akajibu, "Salama tu, kaka." Akamwongezea mchuzi.

Tangazo lilibandikwa Jumanne tarehe 19. Kuanzia Julai mosi, misumari ya chuma ni marufuku, kufuatana na ripoti ya mkuu wa viwanja. Marehemu alilisoma akiwa amesimama katikati ya watu. Kisha alikuja bandani akiwa na aproni yake, spana mkononi.

"Jumapili ulikuwa umekaa mbele yangu," alisema.

"Kaka, nyasi zinakufa."

"Sikuulizi nyasi. Nakuuliza Jumapili."

Kuhusu nyasi mdogo wake alikuwa na haki, na kuhusu Jumapili alikuwa mwoga, na mtu akiwa na haki upande mmoja huona shida sana kuomba radhi upande wa pili. Marehemu aligeuka, akazirudia zile hatua mia moja na ishirini. Miaka kumi na minane ilipita bila wao kusemezana tena.

Alitoa chuma kwenye viatu vyote mia mbili na sitini kwa mkono wake, akafunga plastiki, wala hakulalamika kwa mtu. Lakini baada ya plastiki vilikuja viatu visivyo na meno kabisa: soli ya mpira yenye vinundu, kitambaa kisichohitaji rangi, vyepesi kama raba za kukimbilia. Wachezaji walivivaa nyumbani, wakaendesha navyo gari, wakacheza, wakaviosha bombani. "Kiatu kinachooshwa kama sufuria," alisema marehemu, "kimekuja kutafuta nini kwa fundi?" Watu walicheka. Walicheka, wakaenda zao na viatu vyao vilivyolowa, na dirisha likabaki wazi bila mtu. Rafu zikaanza kuonyesha mbao. Mwisho klabu ilimpa kazi ya kugawa taulo, na alizikunja kwa ustadi uleule, pembe kwa pembe.

Mwezi Septemba mwaka uleule wa 2001, mdogo wake alikuta matundu kwenye grini ya kumi na mbili, ile iliyo juu ya mteremko. Yalikuwa safi, ya duara, kumi na moja kwa kila unyayo. Alifuata nyayo hadi kwa hakimu mstaafu, mzee aliyecheza peke yake kila Alhamisi. Misumari ile haikujifunga yenyewe, na spana ya pini mbili ilikuwa moja tu katika klabu nzima. Kanuni ilimtaka aripoti. Hakuripoti. Kila Ijumaa alifika kabla ya vijana wake, akainua nyasi kwa uma wa chuma, akazikandamiza kwa kiganja, hadi grini ikawa kama haijakanyagwa. Alifanya hivyo kwa miaka sita, mpaka hakimu alipofariki mwaka 2007. Aliona kwamba anamsitiri kaka yake, na moyoni alijipongeza.

Marehemu alistaafu tarehe 29 Februari 2008, akahamia vyumba viwili mtaa wa pili kutoka kwa mdogo wake. Alishona viatu vya watoto wa shule mlangoni. Jioni alicheza drafti kwa vifuniko vya soda, upande huu yeye na upande ule yeye. Jirani yake, fundi cherehani, anasema alimsikia mara nyingi akijishtaki kwa wizi wa kete, na mara moja alikasirika kiasi cha kukataa mchezo wa marudiano. Tunacheka, na yeye angependa tucheke. Lakini ni mtu aliyekosa wa kugombana naye. Mdogo wake, akienda dukani, alizunguka kwa njia ya kiwanda cha mikate ili asipite mlango ule. Njia ya mikate ni ndefu zaidi kwa dakika tisa.

Mwaka 2017 madaktari walimwambia moyo wake umepanuka. Miguu ilivimba, na fundi viatu akawa hana kiatu kinachomwingia, cha zamani wala cha kisasa. Tarehe 12 Oktoba 2019 alilazwa. Binti yake alisafiri, na jioni hiyohiyo akapiga simu. "Baba mdogo, hajaniambia nikuite," alisema. "Ila kila mlango ukifunguliwa anatazama, halafu anageukia ukutani."

Mdogo wake alikwenda. Alisimama miguuni pa kitanda, akasema neno ambalo tangu mwaka 2001 lilikuwa lake yeye kulisema.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," alisema marehemu. Kisha akatazama chini. "Umevaa nini miguuni? Sijakusikia ukiingia."

Vilikuwa viatu vya soli ya mpira. Wakabishana hadi muuguzi akawatuliza. Kesho yake mdogo wake alimletea viatu kama hivyo, vya kitambaa kinachovutika, saizi mbili zaidi. Vikaingia. Marehemu alitembea navyo hadi dirishani na kurudi. "Vyepesi," alisema. "Kama havipo." Kama ilikuwa sifa au tusi, hakufafanua.

Siku ya tisa alimwita karibu.

"Yule hakimu," alisema. "Mimi ndiye niliyemwekea chuma."

"Nilijua, kaka. Tangu wiki ya kwanza."

"Ulijua? Ukafanya nini?"

"Niliziba. Kila Ijumaa, miaka sita, kwa mkono wangu. Sikumwambia mtu. Nisingekuchongea mara ya pili."

Marehemu alifumba macho, mdogo wake akadhani amelala.

"Mjinga wewe," alisema mwishowe, taratibu, bila hasira. "Hakimu hakutaka chuma. Nilimbembeleza mimi. Nilijua ukiona grini yako imetobolewa, hutavumilia, utakuja pale dirishani kunifokea. Nikawa nasubiri. Kila Ijumaa nafungua dirisha mapema, nasubiri unifokee."

Mkubwa haanzi kumwamkia mdogo. Hivyo ndivyo mama yao alivyowalea wote wawili. Kwa hiyo alipiga hodi kwa njia aliyoijua, na mdogo wake akaifuta kila wiki, kwa wema, hadi isionekane. Mdogo wake hana la kujitetea hapo. Anaomba tu wenye ndugu waliokasirikiana, mliokaa hapa mnasikiliza, msisubiri kupigiwa simu na muuguzi.

Fundi Misumari alifariki Jumatano, tarehe 23 Oktoba 2019, saa nne asubuhi, saa ya chai, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Chupa ya chai ilikuwa mezani, na vikombe vilikuwa viwili.

Ameacha binti mmoja, mkwe mmoja, wajukuu wawili, shemeji mmoja na mdogo mmoja. Baba, mama, wajomba na mashangazi walitangulia zamani. Katika ukoo huu mdogo wake ndiye mkubwa sasa, na hana tena mtu wa kumwamkia.

Kaka apumzike, na amani iwe jirani yake.