Nafasi Chini ya Mpekani

Zimeni televisheni, wanangu, msogee, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni, na sitaki mtu aje kusema kesho kwamba Ozella Tarpley alitaka hiki wakati alitaka kile. Lucius, mwanangu wa kwanza, keti. Vernell, binti yangu, niinulie mto. Na wewe Corliss, mjukuu wangu, futa machozi. Chuo cha Harlow kimekukataa, hakijakuzika.

Shamba hili la mipekani, miti hii mikubwa ya kokwa, alilinunua baba yangu wakati Harlow ilikuwa bado mbali, ng'ambo ya reli. Chuo kikakua, kikameza majirani, mpaka leo kimetuzunguka pande tatu na uwanja wao wa mpira unatazamana na lango letu. Nyumba nawaachia nyote. Shamba namwachia Vernell peke yake. Lucius, usinikunjie uso, sababu unaijua.

Nilipokuwa msichana wa kumaliza shule, Harlow walisema hawambagui mtu. Walitaka tu kila mwombaji adhaminiwe na watu wawili waliosoma pale, na waliosoma pale wote walikuwa Wazungu. Nikavaa gauni la kanisani, nikaenda kwa Jaji Haldane, ambaye mama yangu alimfulia nguo tangu sijazaliwa. Alinisikiliza vizuri mpaka mwisho, kisha akacheka.

"Ozella, binti wa Essie! Nikikudhamini wewe, mke wangu atafuliwa na nani? Haya, pitia mlango wa nyuma, upewe pai."

Nikapewa, pai ya pichi, ingali moto. Niliiweka juu ya ngazi yake, nikasimama pale mpaka sisimizi walipoifikia, ndipo nikaondoka. Nilisomea ualimu mbali, katika chuo cha watu wetu weusi, nikarudi kuwafundisha watoto wa hapa.

Sasa nisikilizeni. Tangu uwanja ujengwe, kila Jumamosi ya mechi wakubwa wa Harlow huegesha magari kwetu, chini ya miti, wakachoma nyama, wakala mbavu zangu na mkate wangu wa mahindi, wakaniita shangazi. Kila familia ina mti wake. Akina Haldane wana ule mkubwa karibu na kisima. Siku moja mgeni aliwahi kuegesha pale, na Prescott, mjukuu wa Jaji, akanijia uso umemwiva: "Shangazi, pale ni petu! Babu aliegesha pale, baba aliegesha pale!" Nikamwondoa yule mgeni. Moyoni nikasema, kumbe nafasi hurithiwa, na neno hilo nikaliweka akiba.

Mnakumbuka tulivyoupigania ule mpango wa Harlow kuja kwenye shule zetu, kuwatafuta watoto weusi wenye akili na kuwafungulia mlango. Vernell wewe ulipitia hapo. Mahakama ya juu ya nchi iliposema vyuo visitazame tena rangi ya mwombaji, Prescott, ambaye sasa yumo katika baraza la chuo, akasimama akatangaza kwamba kuanzia leo kila mtu ataingia kwa jasho lake. Mpango wetu ukafa. Lakini watoto wa waliosoma Harlow, wanaopokelewa kwa jina la mzazi, hao upendeleo wao haukuguswa.

Na Jumanne hii Prescott kaja hapa na maua. "Shangazi, tuelewane kama watu wazima. Chuo kipate shamba, na Corliss nafasi yake nitaisimamia mwenyewe." Lucius ukaninong'oneza, "Mama, nafasi ni nafasi." Ni Corliss aliyegeuka kutoka dirishani, akamuuliza, "Na Marquita, aliyekataliwa pamoja nami, je? Na wenzangu wengine?" Hapo nikajua nani kanirithi moyo.

Mimi si mwepesi wa kuhukumu. Prescott huyu huyu alimbeba baba yenu mgongoni siku ya mafuriko, na hilo nimelipima pia, usiku na mchana. Bado nataka hili ninalowaagiza limuume.

Basi, Vernell, shamba usiliuze. Jumamosi ya kwanza ya mechi simama langoni wewe mwenyewe. Ule mti wa kisima ni wa familia za watoto waliokataliwa. Wawekeeni meza na viti, waketi wakitazamana na barabara, wale mpaka washibe. Prescott akifika, mwambie miti iliyobaki haina wenyewe tena, aje alfajiri apange foleni kama mtoto wa mtu yeyote. Atakuambia babu yake aliegesha pale. Cheka. Cheka kama babu yake alivyocheka, usizidishe. Iwe hivyo kila mwaka, mpaka wawafungulie watoto wetu au wawafungie watoto wao pia.

Lucius, msaidie dada yako. Sikuchukii, mwanangu, nakuogopea tu. Corliss, nenda kule walikokukubali, soma sana, urudi uketi katika baraza lile, kwenye kiti cha Prescott hasa.

Maji... kidogo tu. Inatosha.

Nizikeni karibu na ua, upande wa uwanja, nisikie. Mungu awape afya, awape... watoto wabishi. Shikaneni mikono. Mungu awashike.

Vernell. Umeniinamia? Prescott akishaondoka langoni, mwite. Mwambie apitie nyuma, jikoni. Umpe pai.

Ya pichi, mwanangu. Iwe... iwe moto.