Kamba za Mapazia katika Jengo la Washonaji

Mgeni rasmi, Meneja Mkuu wa kiwanda chetu. Wakuu mlioandamana naye. Wapangaji wenzetu, na watoto mliokalia ngazi:

Karibu sana. Tunakukaribisha kwa moyo, ingawa tunajiuliza kwa nini umekuja leo. Miaka sita tumekuita, tukaambiwa una kikao. Reli za ngazi zimepakwa rangi jana na bado zinanata. Aliyeshika reli amejionea. Mpiga picha ameagizwa apige dirisha moja tu, la chini kulia, lenye pazia jipya lisilo na kamba. Mengine arobaini na sita yana yale ya zamani, na moja halina pazia kabisa. Macho tunayo.

HISTORIA FUPI

Tuko familia arobaini na nane, washonaji watupu. Tulipohamia, kila dirisha lilikuwa na pazia la kuvuta kwa kamba mbili ndefu, ncha zikiburura sakafuni. Sasa, mshonaji havumilii uzi unaoning'inia, hata kwenye nguo ya mtu asiyemjua. Wiki ya kwanza tu tulizifunga ncha pamoja, fundo dogo lisiloteleza, kazi safi. Tukasifiana. Hatukuona kwamba tumetengeneza kitanzi, wala hakuna wa ofisini aliyetuonya.

MAFANIKIO

Bango la getini linasema hakuna mtoto aliyewahi kuanguka dirishani. Ni kweli. Nondo tunazishukuru.

CHANGAMOTO

Mwenzetu wa kitengo cha vifungo, Mama Bonge, ana chumba kimoja. Kitanda cha mtoto hakikuwa na pa kukaa ila chini ya dirisha. Bonge ana miaka miwili, na kutulia hakujui. Jumamosi moja asubuhi mama yake alikuwa anaosha vyombo humo humo, hatua nne tu. Ghafla kukawa kimya.

"Mwanangu hanyamazi hata usingizini," anasema. "Ndiyo maana niligeuka."

Alimkuta amesimama kwa ncha za vidole, kamba imemkaba shingoni, uso umebadilika rangi. Akamnyanyua, akamtoa. Mtoto yu hai. Tulilia sote, wanaume kwa wanawake.

Kesho yake wakaja watu watatu wa ofisi ya nyumba. Hawakuuliza hali ya mtoto. Walifungua pazia, wakalikunja. Mzee wa ghorofa ya pili akawauliza, "Mnalipeleka wapi, wajukuu zangu?"

"Uchunguzi, babu."

Uchunguzi huo una mwezi sasa. Kilichorudi ni karatasi ya kusaini, isemayo mama alizembea na kulichezea pazia mwenyewe. Karani akamnong'oneza kwamba asiposaini, chumba chake kina watu wanaokisubiri. Anatuuliza kama ni yeye aliyemkaba mwanawe. Hilo, mgeni rasmi, linatuuma kuliko yote.

Sisi tumefungua mafundo, tukazining'iniza kamba juu kabisa, na vitanda vya watoto tumevisogeza mlangoni. Tunaingia kwa kuruka. Tulitaka kuzikata. Likabandikwa tangazo: atakayekata kamba ameharibu mali ya kiwanda. Tukajiuliza, mali gani hiyo inayolindwa kuliko watoto?

MAOMBI

Ondoeni kamba zote, si za dirisha la picha peke yake. Na muanze leo, ukiwa hapa, maana ahadi za kesho tumezizoea.

Karatasi ile tumeiona kwenye bahasha ya katibu wako, kalamu ikiwa juu yake. Mama Bonge hasaini. Fundo tulifunga sote. Kama ni uzembe, leteni karatasi arobaini na nane tusaini, na ya arobaini na tisa asaini aliyezitundika kamba hizo.

Mungu akubariki, akufikishe kwako salama. Tumesikia una mjukuu anayejifunza kusimama. Ukifika, kabla hujavua viatu, tazama kinachoning'inia karibu na anapolala.

Ni sisi, wapangaji wa Jengo la Washonaji.

Risala imesomwa kwa niaba yetu na Mama Bonge mwenyewe.