Noti Ndefu ya Pumzi

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, mingi kati yake kwenye kiti cha saksafoni ya kwanza, Pumzi anastaafu kutoka bendi yetu. Jina alilopewa na wazazi wake linajulikana na mhasibu tu. Kwetu ni Pumzi, maana akiwa kijana mgeni, saksafoni ya pili, aliivuta noti ya mwisho ya wimbo wa kufungia hadi wapiga tarumbeta wakawa wameshaketi.

Wakati ule tulikuwa wanamuziki kumi na saba na makoti kumi na tano. Mkewe, fundi cherehani, ndiye aliyeshona yale yaliyopungua, na tangu hapo shemeji hajapumzika na vifungo vyetu. Pumzi mwenyewe ametupangia nyimbo nyingi tunazopiga leo. Mazoezini ni mkali kwelikweli: anayechelewa hutupiwa jicho moja tu, na kesho yake hufika wa kwanza.

Naye ana makosa yake. Kwenye harusi moja alifunua kurasa mbili kwa mpigo, akasimama kwa mbwembwe na kuanza solo ya wimbo unaofuata. Mwongozaji akatoa macho. Mpiga besi, mtu asiyetaka makuu, akamfuata, nasi wengine tukafuata kama bendera na upepo. Wageni walishangilia, na nyimbo hizo mbili zimeoana hadi leo. Ukimuuliza, atakuambia alikusudia. Usimwamini.

Mwaka jana kifua kilianza kumsumbua, na noti ndefu ikawa inamshinda. Sisi tuliokaa kulia na kushoto kwake tukakubaliana kimyakimya: pumzi ikimwishia, tunaishikilia noti sisi, mmoja akipumua, mwenzake anaendelea. Ukumbini haikukatika hata mara moja. Hofu yetu ilikuwa moja. Pumzi hapendi kuonewa huruma, na tuliamini kwamba akigundua ataondoka siku hiyohiyo. Hatukuwa tayari kumkosa, basi tukaendelea, tukijiona wajanja.

Wiki iliyopita, akiifuta saksafoni yake baada ya mazoezi, alitutania kwamba mimi huchelewa kupokea, na mwenzangu hupumua kama mtu anayekunywa chai ya moto. Kumbe alijua tangu mwanzo! Akatueleza, macho yakiwa kwenye kitambaa, kwamba mzee aliyekalia kiti kile kabla yake naye aliishiwa pumzi kwenye noti ileile, na aliyekuwa akimfunika ni yeye. Noti iliyompa jina aliivuta ndefu vile kwa sababu mzee alikuwa amenyamaza kando yake. Ndiyo maana hakuondoka. Alisema ile si huruma, ni zamu.

Nililia, na sioni haya kuliandika.

Asante, Pumzi, kwa nyimbo, kwa ukali na kwa utani. Asante, shemeji, kwa kutuazima mumeo jioni zote hizo. Sasa tunamrudisha, na vifungo tutajishonea. Uzeeni mwenu mkae kwa afya na furaha. Jumamosi ya kuagana tutafunga kwa wimbo uleule. Pumua unapotaka. Tupo kulia, tupo kushoto.