Fundo Kati ya Shanga na Shanga

Bamama, munipe masikio kidogo. Sikusimama hapa kulia, nililia tayari. Na jina ya mutu sitataja. Mwenye atajisikia mu maneno haya, abakie tu kwenye benchi yake.

Tulikimbia vita toka Oicha kwa miguu mpaka Beni, kisha Butembo juu ya camion, lori ya kubeba mbao. Bwana yangu tulipotezana njiani. Mugongoni nilikuwa na mutoto, na kiunoni mwake uzi wa shanga nyekundu. Munajua kazi ya ule uzi: mutoto akinenepa, unakaza, akikonda, unateremuka. Kufika Bulengera, pale Butembo, ulikuwa unamufika magotini. Nawaambia, sikuhitaji dokta.

Shangazi ya bwana yangu alitupokea. Siku moja akaniambia mbele ya bageni: “Muke wetu, unakula nasi lakini hata kuni hauleti. Mutoto tumupeleke Lubero kwa ndugu za baba yake.” Na bamama wengine wa hapa hapa walikuja kunituliza: “Mungu anakupima.” Anapima nini? Mwenye kupima mutoto wangu ni uzi, na uzi ulikuwa unaanguka!

Ile hasira ndiyo ilinisimamisha. Nikachukua wembe, nikakata shanga za mutoto nitengeneze bangili. Shangazi akapiga kelele:

“Unamukatia mutoto uhai!”

“Uhai hauko mu uzi, Mama. Uko mu uji.”

Bangili ile nikaibadilisha sokoni na unga wa soya. Kisha na shanga zilizobakia nikatengeneza ingine, na ingine, chini ya dirisha ya jikoni, mpaka bibi-arusi mumoja akaniagiza mukufu wa shanga nyeupe.

Mais lakini, ndugu zangu, niliutunga na uzi wa kushonea nguo. Siku ya arusi, pale kanisani, muchungaji anasema “Simameni,” bibi-arusi akasimama, uzi ukakatika. Shanga zikaviringika kwenye simenti mpaka chini ya viti vya wazee. Mutu mumoja nyuma yangu akasema: “Hata shanga zake zimekimbia vita!” Kanisa nzima ikacheka. Naona munacheka tena. Chekeni.

Nikarudi, nikakuta shangazi amefunga nguo za mutoto mu kitambaa. “Kesho anaenda Lubero,” akasema. Basi.

Jioni ile jirani yetu, mama muzee wa Katolika mwenye kusuka vitunga, akaingia na shanga nilizoacha kanisani, aliziokota kule arusini, amezifunga mu pembe ya kikwembe alichovaa. Akanitupia uzi wa nailoni.

“Binti, wewe ulifunga fundo moja tu, kule mwisho. Mutu amekimbia vita, bado anaamini mwisho? Funga fundo nyuma ya kila shanga. Uzi ukikatika, utapoteza moja, hapana zote.”

Tulifunga sisi wawili, vidole vikatuuma. Asubuhi nikamupelekea bibi-arusi ule mukufu. Akauvuta na mikono miwili kama mutu anafunga mbuzi. Haukukatika. Akasema: “Donc, basi, nitengenezee na wa mama yangu, na wa dada zangu wote.”

Shangazi akasikia. Akafungua kile kitambaa mwenyewe, akarudisha nguo za mutoto mahali pake.

Namushukuru ule muzee wa vitunga. Namushukuru na shangazi, kwa nyumba yake, hapana kwa maneno yake. Nanyi, mukiona mutu anaanguka, musimuambie anapimwa. Mukae chini naye, mufunge fundo moja.

Nilinunua shanga nyekundu zingine, nikazifunga kiunoni mwa mutoto, na mafundo yake. Juzi nimezikata tena. Hapana kwa sababu ya njaa. Tumbo lake lilikuwa limezikaza.