Jina la Binti Yangu Midomoni mwa Soko

Assalamu alaykum, dada zangu. Mmenipa nafasi leo, nami nitasema hata kama sauti itanikatikia njiani.

Hodan alikuwa mtoto wangu wa pekee. Homa ilimchukua akiwa bado shuleni. Baba yake akarudi Eldas kuchunga ngamia wake, nikabaki peke yangu hapa Garissa. Hodan alipenda maziwa ya ngamia yenye sukari na iliki, yaliyogandishwa kwenye mfuko mdogo. Basi nikaanza kuyauza hivyo, na kwenye mfuko nikachapisha jina lake. Nikalisajili kabisa kama alama ya biashara.

Joto la mji huu mnalijua wenyewe. Haikuchukua muda, kila mtoto akawa analilia, "Mama, ninunulie Hodan!" Ndugu zangu, nawaambia, nilifurahi. Nilikuwa nasimama dirishani nisikie tu mwanangu akiitwa barabarani.

Kisha wengine wakaanza kuyatengeneza. Sikuwalaumu, maziwa si yangu peke yangu. Lakini na yao wakayaita hodan. Siku moja sokoni mama mmoja akasema kando yangu, "Hodan ni uchafu. Imemharisha mtoto wangu." Hakunijua. Nilirudi nyumbani, nikafunga mlango. Umemzika mtoto, halafu unasikia jina lake likitukanwa, na ndani ya nyumba huna wa kumwambia. Niliacha kuuza. Hata hapa kwenye chama sikuja, mkadhani nimesafiri.

Kilichonitoa nje ni mfanyabiashara mmoja aliyechapisha "Hodan Tamu" kwenye mifuko yake. Nikamwendea. Akanijibu bila ubaya wowote, "Mama, hodan ni jina la kitu tu. Kama vile chai."

Nikaenda kwa wakili, msichana wa hapa hapa mjini. Akaniuliza kama anayemuuliza shangazi yake, "Eedo, hicho unachouza kinaitwaje?"

"Hodan."

"Na anachouza jirani yako?"

"Nacho wanakiita hodan."

"Hapo ndipo jina linapokuponyoka," akasema. "Likishageuka neno la kila mtu, hata usajili unaweza kufutwa. Huyo bwana nitamwandikia. Lakini watu nao wanahitaji neno la kuitia kitu chenyewe. Wewe umewapa lipi?"

Sikuwa nimewapa lolote.

Ndipo nikaja kwenu, nikalia hapa kwenye mkeka. Tukakubaliana kitu kiitwe barafu ya maziwa, na yangu iwe barafu ya maziwa ya Hodan. Mlikubali kwa midomo, nami nikarudi kuuza bila kutumaini sana. Halafu asubuhi moja nikapita nyuma ya kibanda cha mmoja wenu. Mtoto aliomba hodan. Dada huyu hakuniona. Akamwambia, "Hii ni barafu ya maziwa. Ya Hodan iko kwa mama yake."



Yule bwana amebadilisha mifuko yake. Wapo bado wanaokosea, nami nawasahihisha bila hasira. Nyumba yangu bado kimya, sitawadanganya. Lakini namshukuru yule wakili, na nyinyi ninawashukuru zaidi.

Ukibuni kitu kipya, kwanza kipe jina la kitu, ndipo uweke lako. Na ukiumia, usijifungie ndani kama mimi. Sheria ilinisaidia, lakini neno husemwa na watu, na watu wangu walikuwa nyinyi. Allah awalipe.