Ralitsa Aende Wapi

Benchi letu liko mbele ya duka la kijiji lililofungwa. Mlango wake umejaa karatasi za kutangaza marehemu, kila mmoja na picha yake, wananitazama nikinywa kahawa. Shule ilifungwa kabla ya duka. Siku hizi benchini tumebaki watatu: mimi Stanka; Kepteni, ambaye jeshini alimenya viazi miaka miwili; na Profesa, aliyefukuzwa chuo mwaka wa kwanza kwa kufeli kemia. Jumamosi hiyo niliwaambia kwamba mjukuu wangu Ralitsa amepata nafasi chuo cha ualimu Plovdiv, na kambi ya jeshi ya Sliven nayo imemkubali. Jumatatu lazima aseme anakwenda wapi. Mama yake yuko Hispania anaogesha wazee wa watu. Nyumbani ni yeye na mimi tu.

— Jeshini, Kepteni akasema bila hata kufikiri. Buti bure, supu bure, meno wanang'oa bure.

— Yako waling'oa yote, nikamwambia.

— Cheka tu, Stanka. Vita vikija, salama ni aliye kambini. Watakaopigwa ni sisi huku.

— Nani akupige wewe? Profesa akadakia. Bomu lina bei yake, mzee! Mtoto asome. Msomi hapelekwi vitani, anaachwa nyuma aandike nani kashinda.

— Ualimu! Amfundishe nani? Korongo? Ndege hao ndio waliobaki kule shuleni.

— Atafundisha Ujerumani.

— Ujerumani ataogesha wazee kama mama yake, ila yeye na diploma ukutani.

— Afadhali! Mwenye diploma hupewa wazee wepesi.

— Sikia, jeshini hata ukifa unapigiwa tarumbeta. Karatasi yako ya mlangoni inachapwa kwa rangi, na serikali inalipa.

— Funga mdomo, nikasema. Huyo unayemzika ni mtoto wangu.

Kepteni akainamia kikombe. Profesa akashusha sauti:

— Mwenyewe anasemaje?

— Anasema, bibi, popote utakaponiambia.

— Ukamwambiaje?

— Nikamwambia naumwa kichwa.

Gari la mkate likasimama. Dereva alikuwa mwanamke mgeni, wiki yake ya kwanza njia hii. Akateremka na kalamu sikioni.

— Wazee wangu, za asubuhi. Nachukua oda za wiki ijayo. Bibi, nyumbani mko wangapi?

Nikakunja kidole kimoja, nikakunja cha pili, nikakikunjua. Kepteni akajikuna goti. Profesa akakoroga kahawa yake. Mwanamke akatutazama mmoja mmoja, akadhani hatusikii vizuri, akarudia kwa sauti kubwa.

— Mletee bibi mkate mzima.

Alikuwa Ralitsa, nyuma yetu, na birika la kahawa mkononi.

— Nusu ingemtosha mtu mmoja, ila inakauka haraka pale ilipokatwa, akasema. Utakaobaki atawapa kuku.

Mwanamke akaandika, akawasha gari. Ralitsa akatumiminia kahawa sote watatu, na benchi zima hakuna aliyemuuliza ni Plovdiv au Sliven.